Kicheko darasani: Kupanda na kushuka kwa msimu wa kwanza wa ‘Mind Your Language’

Jina la kipindi cha runinga kiitwacho Mind Your Language lina maana mbili. Ya kwanza ni onyo analopewa mtu aliyetoa neno chafu: chunga ulimi wako. Ya pili ni wito wa kuijali lugha na kuitunza. Aliyekibandika kipindi jina hilo alitaka tucheke kwa maana zote mbili. Lakini ukikitazama tena leo, hasa zile sehemu 13 za msimu wake wa kwanza, utaona kuwa jina lenyewe ni swali. Nani hasa achunge ulimi wake? Yule anayejifunza lugha ya wenyewe akaikosea, au yule anayemcheka?

Msimu huo ulianza kuonyeshwa katika kituo cha ITV nchini Uingereza mnamo Ijumaa, Desemba 30, 1977, ukakamilika Machi 1978. Mwandishi alikuwa Vince Powell, mtayarishaji Stuart Allen, na kampuni iliyokitengeneza ni London Weekend Television. Misimu miwili mingine, yenye sehemu nane nane, ilifuata hadi mwisho wa 1979. Ule wa nne ulitokea 1986 ukiwa umetengenezwa nje ya kampuni hiyo. Kipindi kiliuzwa katika nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Waingereza, yetu ikiwemo, na Wakenya wengi wa rika langu hawahitaji kukumbushwa Ranjeet Singh ni nani. Ukisema tu “maafu elfu moja,” mtu atacheka kabla hujamaliza.

Nimeuchagua msimu wa kwanza kwa sababu ndani yake mambo yote yalikuwa bado mabichi: uzuri wa kipindi na ubaya wake vilikaa katika dawati moja. Hoja yangu ni hii. Msimu ule ulipanda kila mara kosa la mwanafunzi lilipoonekana kuwa kazi ya akili yake. Ulishuka kila mara kosa hilohilo lilipofanywa kuwa sura ya taifa lake. Na tofauti hiyo, msomaji wangu, inatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili kuliko tunavyodhani.

London ya wakati ule

Kwanza tujue kicheko hicho kilichekewa wapi. Kisa kinafanyika katika chuo cha elimu ya watu wazima jijini London, katika darasa la jioni la Kiingereza. Mwalimu ni kijana Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans. Mkuu wa chuo ni Bi Courtney, aliyeigizwa na Zara Nutley, mama mkali asiyeamini kwamba kijana huyu ataweza kazi. Anamweleza kwamba mwalimu aliyemtangulia alirukwa na akili kwa sababu ya darasa hilohilo, kisha anampa mwezi mmoja wa majaribio.

Nje ya darasa hilo la kubuni, Uingereza ilikuwa na joto lake. Mnamo 1968, Wakenya wenye asili ya Asia waliokuwa na pasipoti za Uingereza walipoanza kuhamia kule kwa wingi, bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia. Mwaka wa 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na zaidi ya 27,000 wakapokelewa Uingereza. Mnamo 1976, wafanyakazi wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini magharibi mwa London, walianza mgomo uliodumu hadi 1978. Wengi wao walikuwa wanawake wa asili ya Asia waliotoka Afrika Mashariki. Kiongozi wao, Jayaben Desai, alikuwa amewahi kuishi Tanzania.

Mwishoni mwa Januari 1978, msimu wa kwanza ukiwa haujafika hata nusu, Margaret Thatcher, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, alisema katika mahojiano ya runinga kwamba watu waliogopa nchi yao isije ikafurikwa na watu wa tamaduni nyingine. Kwa hiyo familia ya Kiingereza iliyoketi sebuleni Ijumaa jioni kumtazama Msikh na Mpakistani wakivuruga Kiingereza haikuwa ikitazama mambo ya mbali. Ilikuwa ikitazama majirani.

Na hapa pana kinaya ambacho kipindi hakikukigusa. Wengi wa Waasia waliotoka Nairobi, Kisumu au Kampala walifika London wakiwa wamesoma kwa Kiingereza tangu utotoni. Walikuwa wakizungumza na Kiswahili, na Kigujarati au Kipunjabi juu yake. Hawakuhitaji darasa la Bwana Brown. Walichokosa kilikuwa lafudhi tu, na mitaani lafudhi ilitosha kumfanya mtu aonekane hajui.

Palipopanda

Sasa tuingie darasani. Wanafunzi wa kudumu wa msimu huo ni hawa: Ranjeet Singh wa India, Ali Nadeem wa Pakistani, Jamila Ranjha wa India, Giovanni Capello wa Italia, Max Papandrious wa Ugiriki, Juan Cervantes wa Uhispania, Anna Schmidt wa Ujerumani, Danielle Favre wa Ufaransa, Taro Nagazumi wa Japani na Chung Su-Lee wa China. Watu kumi, lugha tofauti, mlango mmoja.

Ubora wa kwanza wa msimu huu ni kwamba makosa mengi ya wanafunzi hawa yana mantiki. Mwanafunzi anasikia nahau, anaichambua neno kwa neno, anapata maana iliyo sahihi kabisa kwa kanuni alizofundishwa, ila siyo maana ya wenye lugha. Mwalimu anabaki akijikuna kichwa, kwa sababu hawezi kueleza kwa nini mwanafunzi amekosea. Mtazamaji naye anacheka, lakini akijiuliza: hivi kwani tunasemaje hivyo?

Atakayedhani jambo hilo ni la Kiingereza pekee amtazame mgeni anayejifunza Kiswahili. Anaambiwa tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, tunapiga hatua na tunapiga moyo konde. Siku moja atauliza, na ana haki ya kuuliza, mbona Waswahili wanapiga kila kitu? Akishazoea kupiga, anakutana na kula: kula kiapo, kula njama, kula hongo, kula hasara. Akisema “nimekula chakula na hasara” tutacheka sana, lakini tumecheka nini? Tumecheka lugha yetu wenyewe, ambayo tumeizoea hata hatuioni tena. Mgeni ametushikia kioo.

Wanaisimu walikuwa wameshalisema hili kabla ya Powell kushika kalamu. Mnamo 1967, Pit Corder alichapisha makala iliyobadilisha jinsi tunavyotazama makosa ya mwanafunzi wa lugha. Alitenganisha kuteleza, ambako hata mjuzi huteleza akichoka, na kosa la kimfumo, ambalo huonyesha kanuni ambayo mwanafunzi amejijengea kichwani. Miaka mitano baadaye, 1972, Larry Selinker alieleza kwamba anayejifunza lugha ya pili huwa na lugha yake ya mpito, isiyo lugha mama wala lugha lengwa, lakini yenye sarufi yake. Kwa mtazamo huo kosa ni nyayo. Ukizifuata, unajua mwanafunzi ametoka wapi na anaelekea wapi. Wahenga wetu walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Mtazame Taro. Mzaha wake mkuu ni kwamba maneno ya Kiingereza anayamalizia kwa irabu “o”. Kuna ukweli wa kiisimu ndani ya mzaha huo. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi zinazoishia kwa irabu. Neno la Kiingereza linaloishia kwa konsonanti likiingia Kijapani huongezewa irabu ili likae vizuri kinywani. Basi la abiria Mjapani huliita “basu”, nasi tunaliita “basi”. Yeye hulala katika “hoteru”, sisi katika “hoteli”. Hakuna anayetucheka kwa kusema benki, tiketi au baiskeli, kwa sababu tumeyaandika katika kamusi. Anachokifanya Taro akiwa peke yake darasani ndicho tulichokifanya sisi tukiwa mamilioni. Tofauti ni idadi tu.

Ubora wa pili anauleta mtu asiye mwanafunzi. Sidney, mtunzaji wa majengo aliyeigizwa na Tommy Godfrey, ni mzaliwa wa London anayezungumza lahaja ya mtaani ya mashariki mwa jiji, ile yenye misemo ya vina inayoficha neno linalokusudiwa. Huyu ndiye mwenye lugha. Lakini akifungua kinywa, darasa zima linaduwaa. Kiingereza wanachofundishwa hakimo kinywani mwa Mwingereza wa kwanza wanayekutana naye koridoni! Hapo kipindi kilisema jambo zito kwa wepesi: lugha sanifu ni mojawapo tu ya lahaja za lugha, iliyopewa kiti cha mbele. Mwanafunzi wa kigeni aliyesoma Kiswahili sanifu chuoni kisha akashuka matatu Gikomba anajua ninachosema. Atasikia Sheng saa nzima asipate hata salamu moja aliyofundishwa.

Ubora wa tatu ni wa kijamii. Hawa watu hawana lugha ya pamoja ila hicho Kiingereza chao kibovu, na bado kwa hicho kibovu wanatongozana, wanagombana, wanapatana, wanamtetea mwalimu wao. Mgiriki na Mwitaliano wanakuwa marafiki wa kufa na kuzikana wakitumia lugha ambayo wote wawili wanaiharibu. Kiswahili nacho kilienea hivyo bara, katika njia za misafara, kwenye kambi za reli na sokoni. Waliokisafirisha wengi wao walikuwa “wakikivunja”. Laiti wangengoja mpaka wakijue vizuri, kingebaki pwani.

Tena Bwana Brown mwenyewe, jinsi Evans alivyomwigiza, ni mwalimu mwenye subira. Anachoka na anakata tamaa, lakini anarudi kwenye ubao. Bi Courtney akifungua mlango ghafla, na hufungua daima wakati mbaya, Brown husimama na wanafunzi wake.

Palipotelemka

Ikiwa mambo ni hayo, kasoro iko wapi?

Kasoro ya kwanza imo katika mifupa ya kipindi chenyewe. Darasa linataka mwanafunzi abadilike. Komedi ya namna hii inataka mhusika asibadilike, maana mtazamaji amerudi wiki hii kumwona yuleyule wa wiki jana. Mambo haya mawili hayapatani. Kwa hiyo Ranjeet anaomba radhi kwa maneno yaleyale sehemu baada ya sehemu, na Taro haachi “o” yake. Sehemu ya mwisho ya msimu inahusu mtihani, lakini msimu wa pili unapofunguliwa Oktoba 1978, wengi wao wamerudi palepale. Selinker alizungumzia kuganda kwa makosa, hali ambapo lugha ya mpito hukwama mahali isiendelee. Hapa wanafunzi wamegandishwa na kalamu ya mwandishi. Hawaruhusiwi kujua.

Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotoka mwaka 1900, alieleza kwamba tunacheka pale kiumbe hai kinapotenda kama mashine. Maelezo hayo yanautosha msimu huu. Mara ya kwanza mhusika anapokosea, tunamwona mtu anayefikiri. Mara ya kumi na tatu, tunaona mashine inayobonyezwa. Kicheko ni kilekile masikioni, lakini aliyechekwa amepunguzwa utu.

Kasoro ya pili ni kwamba kila mwanafunzi amebebeshwa bendera. Su-Lee hawezi kuwa tu mwanamke Mchina anayejifunza Kiingereza, lazima ashike kile kitabu chekundu cha Mao. Danielle hawezi kuwa tu Mfaransa, lazima wanaume wamtolee macho. Ranjeet na Ali hawawezi kuketi pamoja bila Usikh na Uislamu kurushiana maneno. Ugomvi wao uliandikwa kuwa mzaha, ilhali miaka 30 tu kabla, 1947, kugawanywa kwa Bara Hindi kuliua watu wengi mno na kuwahamisha zaidi ya milioni kumi. Waliokuwa wakimtazama Ranjeet na Ali huko Southall au Bradford walikuwemo waliozika jamaa zao. Sisemi msiba hauchekewi. Waswahili tuna utani wa misibani. Lakini utani una wenyewe: mtani hutania kwa sababu yumo ndani ya uhusiano, na kesho atataniwa yeye. Darasani kwa Brown utani ulienda upande mmoja. Mataifa tisa yalichekwa, na Mwingereza akachekwa kwa kipimo kidogo, kupitia Sidney na ukali wa Bi Courtney.

Kasoro ya tatu ni ya kiisimu, na wanaolipenda somo hili wataniwia radhi nikiikazia. Su-Lee hugeuza “r” kuwa “l” bila kukosa. Lakini Kimandarini, lugha rasmi ya China, kina sauti zote mbili. Wazungumzaji wa Kikantoni ndio wasio na “r”. Taro naye huongeza “o” kila mahali, ilhali Kijapani huiweka “o” hasa baada ya “t” na “d”, na kwingineko huweka “u”. Mwandishi alisikiliza nusu, akajaza nusu kwa kile ambacho Waingereza walishaamini. Hiyo ndiyo tofauti ya lafudhi na kikaragosi. Lafudhi ina kanuni, na huja baada ya kusikiliza. Kikaragosi kina kifungo kimoja tu cha kubonyeza.

Isitoshe, waigizaji wenyewe walikijua Kiingereza vizuri na hawakutoka wote katika nchi walizoziigiza. Pik-Sen Lim, aliyekuwa Su-Lee, alizaliwa Penang, Malaysia. Kevork Malikyan, aliyekuwa Max Mgiriki, alizaliwa Istanbul katika familia ya Waarmenia. Françoise Pascal, Mfaransa wa darasa, alizaliwa Mauritius. Albert Moses, Msikh wetu, alizaliwa Sri Lanka. Simlaumu mwigizaji kwa kuigiza, ndiyo kazi yake. Lakini hebu fikiria: watu wenye safari ndefu hivyo za lugha, na kila mmoja na kisa chake cha jinsi alivyokipata Kiingereza, walilipwa kujifanya hawakijui. Palikuwa na hadithi kumi za kweli ndani ya studio ile, na hakuna hata moja iliyosimuliwa.

Mwishoni mwa 1979 kipindi kilisimamishwa kikiwa bado na mamilioni ya watazamaji. Aliyekikata ni Michael Grade, msimamizi wa vipindi katika London Weekend Television, aliyeona kwamba namna kilivyochora watu wa mataifa mengine ilikuwa ya kuudhi. Wapo hadi leo wanaomlaumu, wakisema hakuna aliyeumia na kwamba wageni wenyewe walikuwa wa kwanza kucheka. Nadhani Grade alikuwa na sababu. Sheria ya mahusiano ya kirangi ya 1976 ilikuwa imeshawaambia Waingereza kwamba maneno hujenga au hubomoa ujirani. Ila kukata kipindi hakukumfunza mtu lolote. Kulimaliza kicheko bila kueleza kilikuwa na ubaya gani, na ndiyo maana mjadala haujaisha.

Kwa nini sisi tulicheka?

Katika orodha ya wanafunzi wa kudumu wa msimu ule hakuna Mwafrika hata mmoja. Hata hivyo kipindi kilipofika Afrika kilipokelewa kama cha nyumbani. Mbona?

Kwa maoni yangu, tulicheka kwa sababu darasa lile tulikuwa tumelikalia. Wakenya wa kizazi changu na cha kabla yangu walifunzwa Kiingereza kwa kibao. Mtoto aliyesema neno la lugha ya mama alitundikwa kibao shingoni, naye akakitafutia shingo nyingine kabla ya kengele ya jioni. Ngũgĩ wa Thiong’o ameyaeleza mateso hayo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986. Aliyeponea kibao akajua Kiingereza alijihisi amevuka mto. Alipomwona Ali wa runinga anahangaika majini, alicheka kicheko cha aliyeko ng’ambo. Mle ndani palikuwa na furaha, lakini palikuwa na woga pia: asije mtu akakumbuka kwamba na mimi nilikuwa mle.

Tukautwaa utaratibu huo tukauhamishia kwa wenzetu. Katika runinga na redio zetu, mzaha wa haraka kuliko yote ni lafudhi ya kabila. Mkikuyu asiye na “l” katika lugha yake ya kwanza anasema “rara” badala ya “lala”. Mjaluo, ambaye lugha yake haina “sh” wala “z”, anaenda “sule”. Umati unavunjika mbavu. Na huko shuleni wanafunzi wana neno lao, “kushrabu”, na aliyeshrabu mbele ya darasa huenda asinyanyue mkono tena mpaka mwisho wa muhula.

Lakini tusitupe mtoto na maji ya kumwogeshea. Vichekesho vyetu vimewahi kuonyesha njia nyingine. Mzee Ojwang wa Vitimbi na Vioja Mahakamani alizungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, na aliyemwigiza, Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu. Kama ni kikaragosi, Wajaluo wangekuwa wa kwanza kumkataa. Walimpenda. Nadhani ni kwa sababu lafudhi haikuwa mwisho wa utu wa Ojwang. Alikuwa mume, baba, mtu wa vituko na hila, mshindi leo na mshinde kesho. Charles Bukeko, aliyeaga dunia 2020, naye alimpa Papa Shirandula lafudhi ya Kiluhya, lakini kilichokuwa kikichekesha ni uongo wa mlinzi wa lango aliyewadanganya watu wake kwamba ana kazi kubwa ofisini. Ondoa lafudhi, kisa kinabaki. Ukimwondolea Taro ile “o”, hubaki na kisa.

Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wangu wanaotafiti lugha ya vichekesho. Mnyang’anye mhusika lafudhi yake, kisha uone kama bado kuna mtu mbele yako. Akibaki, kicheko kina afya. Asipobaki, ulikuwa ukicheka kabila.

Darasani kipimo ni kingine, na ni kizito zaidi kwa sababu huko hakuna kamera ya kuzimwa. Kosa la mwanafunzi litachekesha, hilo halizuiliki, na mwalimu anayekataza kicheko hujenga darasa la mabubu. Kinachofaa ni kukigeuza kicheko kuwa swali. Mtoto amesema “sule”: muulize darasa zima, lugha gani hapa haina “sh”? Nani katika lugha yake ana sauti ambayo Kiswahili hakina? Yule mwenye “th” ya Kikuyu ajaribu, na Mjaluo amsahihishe, maana anayo pia. Katika dakika tano, aliyechekwa amekuwa mtaalamu, na wote wamejifunza fonolojia bila kuambiwa jina lake. Mwanzo kokochi, mwisho nazi, ila kokochi likikanyagwa halifiki.

Mtaala wetu wa sasa unasisitiza umilisi wa kuzungumza, na walimu wanauliza wafanyeje watoto wazungumze. Jibu moja liko katika msimu ule wa 1978. Jeremy Brown alikuwa na darasa ambalo halikuogopa kukosea, na hilo ni jambo ambalo wengi wetu hatujalipata. Wanafunzi wake walinyanyua mikono, walibisha, walijaribu nahau mpya hata kama zingewaporomokea. Walichonyimwa ni wiki ijayo: nafasi ya kurudi Ijumaa inayofuata wakiwa wamejua kidogo zaidi. Mwandishi wa komedi anaweza kuwanyima wanafunzi wake nafasi hiyo, na mtazamaji akaridhika. Mwalimu hawezi.